Kijana tuliyembatiza anataka barua ya kesi yake ya ukimbizi. Niandike nini?

SWALI

Wapendwa washauri,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Waswahili hapa Birmingham. Waumini wetu wengi wametoka Kivu, Burundi, Kenya na Tanzania, na ibada ni ya Kiswahili. Mwaka jana mwezi wa pili alianza kuja kijana mmoja Mbajuni, anayesema kwao ni visiwa vya karibu na Kismayu, Somalia. Alikuwa Mwislamu. Aliletwa na mama mmoja wa kwetu waliyekutana darasa la Kiingereza. Alikuwa akikaa viti vya nyuma, haimbi, anasikiliza tu. Baada ya miezi kama minne akaomba mafundisho ya ubatizo, na Novemba tukambatiza.

Alikuwa ameomba hifadhi tangu 2023, kabla hatujamfahamu. Aliomba kwa sababu ya kabila lake dogo na vitisho vya Al-Shabaab. Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza) wamemkatalia, wanasema hawaamini kuwa ni Msomali, huenda ni Mbajuni wa Kenya. Rufaa itasikilizwa baada ya wiki tisa. Sasa ananiomba niandike kwamba "ameokoka kweli na akirudi atauawa". Amekuja na mfano wa barua aliopewa na mwenzake hotelini wanakoishi, nijaze majina tu.

Wazee wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema huyu anatafuta makaratasi, maana alikosa ibada karibu mwezi mzima mara tu baada ya kubatizwa. Mwingine anasema sisi si waamuzi wa mioyo, tuandike. Na kuna dada anayejitolea kumkaririsha amri kumi, majina ya mitume na vitabu vyote vya Biblia kwa mpangilio, asije akakwama akiulizwa. Mimi naamini imani yake, lakini siwezi kuapa juu ya moyo wa mtu. Naogopa pia kuitwa kwenye baraza la rufaa, Kiingereza changu si cha kujibizana na mawakili. Wakili wake sijui kama anajua habari za ubatizo. Kijana anasema alimtajia "kidogo".

Nifanyeje nisimdhuru, na nisiseme uongo?

Mzee wa kanisa, Birmingham

JIBU

Mzee wetu, Bwana asifiwe, na asante kwa kuuliza kabla ya kuandika.

Barua inaweza kungoja siku chache. Kisichoweza kungoja ni wakili kuambiwa, waziwazi na kwa maandishi, kwamba kijana amebadili dini. Home Office walikataa ombi lililohusu kabila na Al-Shabaab. Habari ya Ukristo hawajaipima. Kifungu cha 85 cha sheria ya uraia, uhamiaji na hifadhi ya 2002 kinamzuia jaji wa rufaa kusikiliza jambo jipya bila ridhaa ya Home Office, na kubadili dini baada ya uamuzi kuna kila dalili ya kuhesabiwa jambo jipya. Wakili anatakiwa alieleze mapema katika taarifa ya kifungu cha 120 cha sheria hiyo hiyo, aambatanishe maelezo ya kijana na ushahidi, kisha aombe ridhaa. Likiibuka asubuhi ya kesi, rufaa inaweza kuamuliwa kana kwamba ubatizo haukutokea. Wiki tisa zinatosha kwa hilo, lakini wiki mbili hazitoshi.

Kwa hiyo wiki hii kijana amwone wakili akiwa na karatasi yenye tarehe: siku ya kwanza kuja kanisani, siku alipoanza mafundisho, siku ya ubatizo, na siku alipomtajia wakili mara ya kwanza na maneno aliyotumia. Tarehe hiyo ya mwisho ina uzito wake, kwa sababu ataulizwa kwa nini amechelewa, na kifungu cha 8 cha sheria ya hifadhi na uhamiaji ya 2004 kinamtaka mwamuzi aangalie kama mwombaji alificha, alipotosha au alichelewesha. Ninyi msimshauri ategemee msingi upi na aache upi. Nchini Uingereza ushauri wa uhamiaji hutolewa na wakili au mshauri aliyesajiliwa peke yake, na kanisa linaloutoa linaweza kuvunja sheria hata kama halijapokea senti.

Ule mfano wa barua mrudishie. Majaji na maafisa wa Home Office husoma barua za kanisa kila mara, na wakiona aya zilezile katika majalada ya watu watatu wa hoteli moja, zote tatu zinapoteza thamani, ikiwemo ya yule aliyekuwa anasema kweli.

Sasa tuseme jaji anapima nini, maana hapo ndipo utajua barua inahitaji kubeba nini. Kwa maombi yaliyowasilishwa tangu 28 Juni 2022, kifungu cha 32 cha sheria ya uraia na mipaka ya mwaka huo kimegawa kazi hatua mbili. Kwanza: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake kwamba mtu huyu ni Mkristo, na kwamba anaogopa kweli? Akivuka hapo ndipo jaji anauliza kama hatari iliyoko nyumbani ni ya kutosha, na hapo kipimo ni chepesi zaidi. Zamani kipimo chepesi kilitumika kote. Leo hatua ya kwanza imekuwa ngumu, na ushahidi wa kanisa unaihusu hatua hiyo ya kwanza hasa.

Cheti cha ubatizo peke yake hakimvushi. Kinathibitisha kwamba siku fulani aliingia majini. Kule Ujerumani Mahakama ya Katiba iliamua Aprili 2020 kwamba dola hailazimiki kukubali kuwa mtu ameamini eti kwa sababu kanisa limembatiza. Mahakama ina haki ya kuchunguza yenyewe. Uingereza msimamo ni wa namna hiyo. Katika kesi ya Mwirani iitwayo MH ya 2020, Baraza la Juu la rufaa za uhamiaji (Upper Tribunal) lilisema ushahidi wa watu wa kanisa unaweza kuwa na maana kubwa, lakini si ushahidi wa mtaalamu, na uzito wake ataamua jaji. Basi ondoa wasiwasi wa kuapa juu ya moyo wa mtu. Hakuna anayekuomba hilo. Unaombwa useme ulichokiona, na kwa nini wewe, kwa miaka uliyokaa na waumini, unakielewa hivyo.

Anza na wewe mwenyewe: jina, cheo chako usharikani, tangu mwaka gani, usharika una watu wangapi Jumapili ya kawaida, na unamfahamu kijana kwa njia gani. Kumsalimia mlangoni na kumfundisha wiki kwa wiki ni mambo mawili tofauti, jaji anataka kujua lipi. Kisha mwanzo wake. Hili la kukaa viti vya nyuma bila kuimba kwa miezi minne liandike lilivyo. Ni jambo ambalo mwenye barua ya kunakili hana, na linaonyesha mtu aliyekuja akaanza kusikiliza kabla ya kudai chochote. Nani alimleta, aliuliza nini mara ya kwanza, lini aliomba mafundisho, aliomba kwa nani.

Halafu eleza ubatizo kwenu hupatikanaje. Mafundisho ni ya wiki ngapi, saa ngapi kila kipindi, nani anafundisha, nani anaamua kwamba fulani yuko tayari. Kama mmewahi kumwambia mtu asubiri, sema, na useme kwa nini. Usharika unaombatiza kila anayeomba, wiki ileile, ushahidi wake una uzito mdogo, na ni haki uwe mdogo. Tangu shambulio la Clapham, London, Januari 2024, ambapo ilibainika kwamba mshukiwa alikuwa amepewa hifadhi baada ya kubatizwa, makanisa yanaulizwa hili kwa ukali zaidi. Kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani iliwaita viongozi wa makanisa kuhojiwa Machi ya mwaka huo. Uwe tayari kujibu: mmeandika barua ngapi za namna hii, kwa nani mlikataa, na waliopata makaratasi bado wanakuja ibadani?

Sehemu yenye nguvu kuliko zote ni mambo madogo yaliyotokea mbele ya macho yako. Usiandike "ni mcha Mungu sana". Andika swali alilouliza katika darasa la tatu, na alivyolijibu mwenyewe wiki mbili baadaye. Andika kama anapanga viti, kama ameomba kwa sauti katika kikundi cha maombi, kama alikataa kitu au alilia kwa jambo fulani, kama aliwahi kubishana na mafundisho. Aliyebishana mara nyingi huaminika kuliko aliyeitikia kila kitu, kwa sababu mtu anayeacha dini aliyozaliwa nayo huwa na maswali: juu ya mama yake, juu ya sala tano alizozoea, juu ya Yesu kuitwa Mwana wa Mungu, ambalo kwa aliyelelewa madrasa ni jambo zito mno kumezwa kwa siku moja. Kama mlizungumza hayo, yaandike yalivyozungumzwa.

Na mwezi aliokosa? Uandike. Mwulize kwanza alikuwa wapi. Anayeishi hotelini na kupewa chakula hupata posho ya pauni kama 10 tu kwa wiki, na nauli ya basi kwenda na kurudi inamaliza sehemu kubwa ya hiyo. Huenda alihamishwa, aliugua, au alipoa kiimani. Sababu yoyote ile, eleza ulichoambiwa na kama uliweza kukithibitisha. Ukikaa kimya, mwakilishi wa Home Office akamwuliza kijana naye akakubali kwamba alipotea mwezi mzima, barua yako iliyosema "huhudhuria kila Jumapili" imekufa hapohapo, na imani yake imeingia shakani pamoja nayo. Mahudhurio yathibitishwe kwa vitu vilivyokuwepo tayari: orodha ya darasa la ubatizo, zamu za usafi, ujumbe wa kikundi cha WhatsApp wenye tarehe. Kama hamkuwa na daftari la mahudhurio, msilitunge sasa. Anzeni Jumapili ijayo, na mseme limeanza lini.

Yaliyo nje ya ufahamu wako yaache nje. "Akirudi atauawa" si ushahidi wako. Wakili ataleta taarifa za nchi: Katiba ya muda ya Somalia ya 2012 iliufanya Uislamu dini ya dola na kukataza kueneza dini nyingine, na Al-Shabaab huua wanaoritadi. Vilevile usiandike kwamba ni Msomali kama hujui zaidi ya alivyokuambia. Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka, wengi walikimbilia Mombasa baada ya vita vya 1991, na swali la uraia ni la wataalamu wa lugha na wa nchi. Tena ni swali zito hata kwa msingi huu mpya, kwa sababu Mbajuni Mkristo wa Lamu na Mbajuni Mkristo wa Kismayu hawaogopi kitu kimoja. Ikiwa jaji ataona alidanganya juu ya kwao, haifuati moja kwa moja kwamba amedanganya juu ya imani. Mahakama ya Juu ya Uingereza (Supreme Court) ilisema katika kesi ya Msomali mmoja, MA, mwaka 2010, kwamba uzito wa uongo hutofautiana kesi kwa kesi. Lakini ushahidi wako usijifungamanishe na jambo hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho mashahidi wa kanisa hukisahau: kijana anaiishije imani yake nje ya jengo lenu. Kesi ya HJ ya 2010, iliyohusu wanaume wawili mashoga wa Iran na Kameruni, iliweka swali ambalo sasa huulizwa hata katika dini. Je, akirudi atajificha, na kama atajificha, ni kwa hofu ya kuumizwa au ni tabia yake tu? Anayejificha kwa hofu anastahili hifadhi. Kwa hiyo sema kama amewaambia ndugu zake, kama anakwepa Waswahili na Wasomali wengine mtaani, kama anasali mbele ya wenzake wa chumbani au anatoka nje. Si kila muumini ni mhubiri, na msimsukume ahubiri Facebook ili apate picha za kuonyesha. Kurasa chache za Facebook zilizochapishwa bila akaunti nzima kuwekwa wazi huhesabiwa kidogo sana. Baya zaidi, video ya ubatizo ikirushwa mtandaoni inaweza kufika Kismayu kupitia Mombasa kabla ya jioni, na kumwekea hatari yeye na ndugu zake walioko huko. Kama ubatizo wake uko kwenye ukurasa wa kanisa, mwambieni leo, muamue naye na wakili mfanye nini.

Dada anayetaka kumkaririsha ana moyo mwema, lakini asimamishe. Mwongozo wa UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) wa 2004 kuhusu maombi ya hifadhi kwa sababu ya dini unasema kumhoji mtu kwa mapana juu ya mafundisho ya dini yake huenda si lazima wala hakuna manufaa kila mara. Hata hivyo mwongozo huohuo unataka uchunguzi wa kina kwa aliyebadili dini akiwa ugenini. Wahojaji wa zamani walipenda maswali ya chemshabongo kwa sababu ni rahisi kusahihisha, na wapo wanaoyauliza hadi leo. Mwaka 2019 ilitangazwa barua ya Home Office iliyomkatalia Mwirani kwa kunukuu mistari ya vita katika Biblia ili kuonyesha kwamba Ukristo si dini ya amani. Waliiondoa baada ya kelele. Lakini mwelekeo umehama. Uholanzi, kwa mfano, huangalia sababu na safari ya kubadilika, kisha maarifa, kisha matendo, na ile safari ndiyo huwaangusha wengi. Aliyekariri hutaja mitume 12 bila kusita, halafu akiulizwa "ulipoacha kuswali ulijisikiaje asubuhi yake?" anaanza tena kuhesabu mitume. Mhojaji anaandika: majibu ya kukariri.

Maarifa yanapimwa kulingana na mtu. Kijana wa jamii ya wavuvi asiyemaliza shule, anayesoma Biblia ya Union Version yenye Kiswahili cha 1952 wakati yeye amekulia Kibajuni, hatarajiwi kujua kama mchungaji. Naye akiwa katika kanisa lisiloadhimisha Kwaresima, kutoijua si kosa, na barua yako inaweza kueleza kwamba kwenu haifundishwi. Dada amsaidie kwa njia nyingine: wasome pamoja fungu analolipenda, amwulize linamgusa wapi, amwache aongee kwa lugha yake, na asimsahihishe maneno. Bado anasema Isa na Injili? Aseme hivyohivyo. Yeyote asimwandikie ushuhuda wa kwenda kuusema.

Mwambieni pia amwombe wakili apange mkalimani wa Kibajuni, au wa Kiswahili anayeelewa Kibajuni, na kijana aseme mapema, wakati kikao kinaendelea, kila asipoelewa. Akiitikia kwa adabu swali asilolielewa, jibu lisilolingana litabaki kwenye kumbukumbu, na hakuna atakayekumbuka kwamba ilikuwa adabu.

Kuhusu kwenda barazani: nenda, kama afya inaruhusu. Barua ambayo mwandishi wake hakufika kuhojiwa hupungua uzito. Lugha isikuzuie. Wakili aombe mkalimani wako mapema, nawe utoe maelezo yako kwa Kiswahili, yatafsiriwe na mtafsiri atakayetia sahihi kwamba tafsiri ni sahihi. Weka jina, anwani ya kanisa, tarehe, sahihi, na tamko kwamba uliyoandika ni kweli kwa ufahamu wako. Siku yenyewe wakili wa kijana atakuomba uthibitishe maelezo hayo, kisha mwakilishi wa Home Office atakuuliza: Ulijua kwamba ombi lake limekataliwa? Lini ulijua? Unaweza kudanganywa? Hilo la mwisho huwatikisa watu. Jibu la kweli ni ndiyo, mtu anaweza kunidanganya, na haya ndiyo niliyoyaona yanayonifanya nisidhani hivyo. Usilolijua sema hulijui, na usibuni tarehe.

Mzee mwenzako mwenye shaka asilazimishwe kutia sahihi, na wala msiandike "wazee wote wanakubaliana". Andika kwa jina lako. Yule mama aliyemleta na mwalimu wa ubatizo wakitoa maelezo yao wenyewe, mafupi, kila mmoja kwa alichokiona yeye, yatasaidia kuliko barua moja ya baraza zima la wazee. Msikae mkaoanisha maneno. Tofauti ndogo za kumbukumbu ni za kawaida. Maelezo matatu yenye sentensi moja ndiyo huzua maswali.

Rufaa ikishindikana, mlango haujafungwa kabisa. Kanuni ya 353 ya uhamiaji inaruhusu kuwasilisha maelezo mapya kama hayakupimwa kabla na yana matumaini ya kweli ya kufaulu yakiunganishwa na ya zamani, ingawa jaji anayefuata ataanzia pale wa kwanza alipoishia. Ndiyo maana lile daftari la mahudhurio liendelee kujazwa kila Jumapili, awepo au asiwepo, matokeo ya rufaa yawe yoyote.